Barabara ya Mistari 144

Chukua ile gemu ya mkononi ya vitofali, ile inayojigamba usoni pake kwamba ina michezo 9999. Machinga wa Mwanza wameitandaza Makoroboi miaka nenda miaka rudi, kati ya chaja, tochi na miwani ya jua. Michezo yenyewe haifiki 9999. Ni michache tu, ikazidishwa kwa kasi na ngazi mpaka hesabu ikavimba, kama debe la mchuuzi lililonyanyuliwa kitako kwa ndani.

Yaruke matofali yanayodondoka, ule mchezo aliouanzisha Mrusi Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Huo umeshasifiwa vya kutosha. Bofya mpaka ufike kwenye mbio za magari, kisha usicheze kwanza. Tazama.

Kioo kina vitofali 200: 10 kwa upana, 20 kwa urefu. Gari lako lina vitofali 7. Kimoja ni pua. Chini yake vitatu vimepangana: tairi, kiwiliwili, tairi. Halafu kimoja, ndio mgongo. Halafu viwili vilivyoachana, tairi za nyuma. Basi. Mtoto wa miaka minne hahitaji kuambiwa kwamba hilo ni gari, na hahitaji kuambiwa linaelekea wapi.

Nimelitazama gari hilo kwa zaidi ya miaka ishirini na bado namvulia kofia aliyelichora. Kama unadhani nazidisha, chukua daftari la hesabu lenye miraba, jipe miraba 12, mitatu kwa minne, ulichore mwenyewe kama tai anavyoliona akiwa angani. Ongeza kitofali kimoja ubavuni na limekuwa kasa. Ondoa kile cha mgongoni na limekatika vipande vipande. Ziba pengo kati ya tairi za nyuma na sasa ni mnara. Aliyefika kwenye vile 7 alipita kwanza kwenye kasa wengi.

Na gari hilo halisogei. Hakuna kinachosogea kwenye kioo kile. Vitofali vyote 200 vimeshachorwa tangu kiwandani, kila kimoja mahali pake, na hapo kitakaa mpaka siku kioo kitakapovunjika. Kiinamishe kidogo kwenye jua la saa nane utaviona vyote, hafifu, kama chapa ya maji kwenye noti. Kazi yote ya mashine ni kukiambia hiki kiwe cheusi na jirani yake afifie. Wewe ndiye unayeona gari limehama njia.

Kasi inatoka wapi basi? Inatoka ukutani. Pembeni mwa barabara, kushoto na kulia, kuna safu mbili za vitofali, na safu hizo zina mapengo. Mapengo yanashuka. Zizibe safu hizo ziwe ukuta mmoja mweusi usio na tundu, na gari lako litakuwa limeegeshwa, hata ubofye kitufe cha mwendo mpaka kidole kife ganzi. Hili utalihakikisha ukipanda kipanya cha kwenda uwanja wa ndege. Ukiangaza macho mbali ziwani, utadhani dereva amesinzia: kisiwa kimekaa, mtumbwi wa tanga umekaa. Shusha macho kwenye mawe ya pembeni mwa barabara na nguzo za umeme, roho itakuruka. Mwendo ni uleule. Mwandishi wa gemu ile alikuwa na kitu kimoja tu cha kututishia, tundu la kitofali kimoja linaloshuka, na kilimtosha.

Sasa nihamie kwenye gari lenyewe, maana si kila gari la mbio ni sawa. Yapo yale ya Formula One, mepesi kama panzi, ambayo hayajawahi kubeba mama mkwe wala gunia la mkaa. Mimi moyo wangu uko kwa yale ya Marekani yanayosimamiwa na NASCAR, ambayo asili yake ni magari ya kawaida: gari la dukani, la milango na buti, likatiwa ubishi. Leo yanaundwa makusudi kwa ajili ya mbio na udukani umebaki sura tu. Lakini asili haifichiki, na asili yenyewe ni gongo.

Milimani huko kusini mwa Marekani, enzi za marufuku ya pombe na hata baada yake, vijana walisafirisha gongo usiku. Gari lilipaswa kuwa na sura ya kawaida mbele ya polisi, na mwendo usio wa kawaida polisi wakiwa nyuma yake. Kwa hiyo walichokonoa injini, na wakaongeza nguvu za springi ili gari lililoshiba mitungi lisikae kitako, liwe limesimama sawasawa kama lile tupu. Baadaye wakaanza kubishana nani ana gari kali. Bill France akawakusanya watu wa mbio katika hoteli moja ya Daytona Beach mwezi Desemba 1947, na Februari 1948 NASCAR ikasajiliwa. Mbio zao za kwanza za magari ya dukani tu zilifanyika Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949. Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza. Wakaguzi wakainama chini ya gari lake, wakakuta springi za nyuma zimechezewa kwa namna ya wabeba gongo, wakamnyang'anya ushindi wakampa Jim Roper.

Mtu wa Mwanza anaielewa hadithi hiyo bila mkalimani. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi utazame pikapu zinavyoshindiliwa magunia ya dagaa, nyuma zimeongezewa springi mpaka zikiwa tupu zinatembea matako juu kama bata. Au panda mchomoko uone gari lililoundwa kwa ajili ya familia ya watu watano linavyobeba tisa na bado linataka kuongoza msafara. Sitaji njia wala namba. Ninachosema ni kwamba gari la kawaida lililotiwa ubishi si hadithi ya Marekani peke yake.

Mwaka 1991 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa kaseti ya Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, yenye mbio hizo za NASCAR, ikabeba jina la Bill Elliott. Elliott ni mtu wa Dawsonville, Georgia, bingwa wa mwaka 1988. Mwaka 1987, katika kusaka nafasi ya kuanzia kwenye uwanja wa Talladega, Alabama, aliipiga Ford Thunderbird yake kwa mwendo wa kilomita 342 kwa saa. Uwanja wenyewe una mzunguko wa kilomita 4.28 na kona zilizoinuliwa nyuzi 33, mwinuko ambao ukijaribu kuusimamia kwa miguu utashuka kwa makalio. Hayo yote yaingie kwenye mashine ya kushika kwa mikono miwili. Hapa ndipo ufundi unapoanza, na naomba tusiwe na haraka.

Game Boy ilitoka Japani Aprili 1989. Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo aliyeongoza kikosi kilichoiunda, alikuwa na msimamo ambao fundi yeyote wa Makoroboi angeutia saini: usikimbilie teknolojia iliyozaliwa jana. Chukua ile iliyokwisha kunyauka, iliyoshuka bei, ambayo magonjwa yake yote yanajulikana, kisha ifikirie kazi nyingine. Inasimuliwa kwamba wazo la michezo yake ya mfukoni ya mwaka 1980 lilimjia ndani ya treni, alipomwona abiria aliyechoka akijipitishia muda kwa kubofyabofya kikokotoo. Kila ninaposubiri kivuko cha Kamanga huwa namkumbuka abiria yule.

Kwa hiyo washindani walipokuja na vioo vya rangi vilivyokula betri kama mchwa, Game Boy ilishikilia kioo chake cha kijani cha matope, vivuli 4 tu kutoka hafifu hadi kilichokolea, na betri 4 ndogo zilizodumu safari nzima ya meli kwenda Bukoba na chenji ikabaki. Upana wa kioo nukta 160. Urefu nukta 144. Kumbukumbu ya kufanyia kazi kilobaiti 8, kiasi ambacho picha moja ya simu yako leo ingekimeza bila kutafuna.

Mashine ile haijui barabara ni nini. Haijui mbali wala karibu, haijui kona. Inachojua ni ubao mmoja wa picha ya nyuma uliopangwa kwa vigae vidogo vya nukta 8 kwa 8, na jinsi ya kuusogeza ubao huo wote kushoto, kulia, juu au chini. Ukiusogeza kulia, barabara yote inahamia kulia ikiwa imenyooka vilevile. Kona haipo.

Ujanja uko kwenye wakati. Kioo hakichorwi kwa mkupuo. Huchorwa mstari kwa mstari, kuanzia juu kushuka chini, mistari 144. Halafu mashine inapumua kwa muda wa mistari 10, halafu inaanza upya juu, karibu mara 60 kwa kila sekunde. Hiyo ni mistari zaidi ya 9,000 kwa sekunde moja, ukiihesabu na ile ya mapumziko. Na kati ya mstari mmoja na unaoufuata kuna upenyo, kipande kidogo cha muda ambao tayari ulikuwa mdogo. Ndani ya upenyo huo mwandishi wa programu anapenyeza mkono na kuusogeza ubao.

Mstari wa chini kabisa, ulio miguuni pa gari lako, anauacha ulivyo. Ulio juu yake kidogo anausogeza nukta moja. Juu zaidi nukta mbili, kisha nne, kisha saba, kisha kumi na moja, kila unavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi kuhamia kushoto. Panga karata vizuri mezani, kisha zisukume kwa ubavu wa kiganja: kila karata imebaki nyoofu, lakini rundo limepinda. Barabara iliyochorwa kwa rula imeota kona. Sekunde moja baadaye mwandishi anapunguza msukumo, mistari inarudi mmoja mmoja, na wewe unapumua ukidhani umetoka kwenye kona salama.

Ongeza hapo vipande vyeusi na vyeupe vinavyopishana pembeni mwa barabara, vyembamba kwa mbali na vinene kwa karibu. Utavitambua. Ni yaleyale mapengo ya ukuta wa gemu ya vitofali, yamevaa suti.

Ujanja huu haukuzaliwa kwenye Game Boy. Ulitumika kabla kwenye mashine za kuchezea mitaani na za nyumbani. F-1 Race ya Nintendo ya mwaka 1984, iliyochezwa kwenye runinga, iliandikwa na kijana aitwaye Satoru Iwata, ambaye mwaka 2002 alikuja kuwa rais wa kampuni hiyohiyo mpaka alipofariki 2015. Napenda kuwaza kwamba katika vikao vyake vyote vya wakurugenzi alibaki mtu aliyewahi kupinda barabara kwa kusogeza mistari. Lakini kwenye mashine ya mkononi mwandishi anaufanya ujanja huo kwenye kioo chenye vivuli vinne tu na mashine isiyo na nguvu za ziada za kumwazima.

Mpaka hapo tumepata barabara. Magari je?

Vitu vinavyotembea juu ya ubao, yaani magari, vinaundwa kwa vipande vyenye upana wa nukta 8. Mashine inaruhusu vipande 40 kwa wakati mmoja kioo kizima. Hiyo si shida sana. Shida ni sheria ya pili: kwenye mstari mmoja haviwezi kukaa zaidi ya vipande 10. Cha 11 hakichorwi. Hakuna onyo wala king'ora, hakipo tu.

Piga hesabu pamoja nami. Gari lenye sura ya kueleweka, linaloonekana kwa nyuma, linataka upana wa nukta 32, yaani vipande 4. Lako na la jirani yako ni vipande 8. Likija la tatu, jumla 12, na magari yote matatu yako kwenye mstari mmoja. Vipande viwili vya gari mojawapo vitayeyuka. Na mbio za Talladega utamu wake wote ni magari matatu sambamba, mlango kwa mlango, na mengine matatu nyuma yao, na mengine nyuma ya hayo, kama vipanya vinavyogombea abiria wa mwisho. Mashine haiwezi kuchora kitu ambacho mchezo wenyewe umejengwa juu yake.

Kwa shida hiyo mwandishi ana njia chache, na kila moja ina gharama. Anaweza kuyafanya magari mengine yawe membamba, lakini yatafanana na pikipiki. Anaweza kuyawasha na kuyazima kwa zamu, picha hii gari hili, picha inayofuata lile, akitegemea kwamba kioo cha zamani cha Game Boy ni kizito kufuta na kivuli cha gari kitadumu kidogo hata baada ya gari kuondoka. Ubovu wa kioo unamsaidia, jambo ambalo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Au anaweza kufanya lile ambalo mimi naliona ndio ufundi wenyewe: kuwapanga wapinzani. Anawapa akili ndogo ya kutokukusanyika. Anayekukaribia kushoto anafanya aliyepo kulia abaki nyuma nusu gari, mistari yao isigongane. Unahisi msongamano, unahisi umebanwa, na hujawahi kuona magari matatu sambamba. Ukija kukumbuka baadaye utaapa kwamba uliyaona.

Kuna jambo la Talladega yenyewe ambalo linakaa vizuri hapa. Mwaka uleule wa 1987, gari la Bobby Allison liliruka kwenye mbio na kuchana wavu wa uzio mbele ya watazamaji. Kuanzia 1988 NASCAR wakaamuru magari yafungwe bamba lenye matundu madogo linalobana hewa ya injini kwenye viwanja vya kasi kubwa, Daytona na Talladega. Kasi ikashuka, ndiyo sababu ile namba ya Elliott haijavunjwa mpaka leo. Lakini kwa kuwa kila injini ilibanwa sawasawa, hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake, na magari yakaanza kukimbia yamelundikana. Ule msongamano ambao Game Boy haiwezi kuuchora ulizaliwa, nao pia, na kizuizi.

Katika lundo hilo dereva ana silaha moja: upepo wa mwenzake. Gari la mbele linapasua hewa, la nyuma linajificha mgongoni mwake, na yote mawili yanakwenda haraka kuliko ambavyo moja lingekwenda peke yake. Vijana wa baiskeli wanaoingia mjini kutoka Kisesa wanalijua hilo bila kusoma fizikia. Utawaona wamejibanza nyuma ya lori, miguu imetulia, shati halipepei. (Usijaribu. Lori likifunga breki, fizikia inabadilika.) Kwenye programu jambo hilo linaweza kuandikwa kwa sharti fupi kabisa: ukiwa nyuma ya gari jingine, kwenye njia moja, na umbali ni mdogo, ruhusu kasi ipande kidogo. Neno kubwa hapo ni kidogo. Ikipanda sana, mchezaji anaona ni zawadi, anachoka. Ikipanda kwa kiasi, anadhani amegundua siri yeye mwenyewe, anamwita mdogo wake aje aone.

Wapo wanaodharau mbio hizi kwamba ni kugeuka kushoto tu, mwanzo mpaka mwisho. Ni kweli. Kwenye viwanja vya duara dufu magari yanakwenda kinyume na mshale wa saa. Sisi kwenye kipilefti cha Samaki, sanamu likiwa katikati, tunazunguka kufuata mshale wa saa, na siku za mwanzo kidole gumba changu kilikuwa kinaniangusha kwa uzalendo. Lakini kona moja inayorudi tena na tena si umaskini. Mpiga ngoma wa Kisukuma hapigi kila mara mdundo mpya. Unairudia kona ileile kila baada ya nusu dakika au zaidi kidogo, na kila mara unajua ulikosea wapi mara iliyopita. Unaanza kuachia mwendo mapema kidogo, kushika ukuta baadaye kidogo. Mandhari hakuna, mti hakuna, mlima hakuna. Kinachobaki ni mkono wako na makosa yake.

Na mkono wenyewe unafanya kazi kwa msalaba wa vitufe, ule ambao Yokoi huyohuyo aliubuni kwa ajili ya gemu ya mfukoni ya mwaka 1982. Msalaba unajua ndiyo na hapana tu. Usukani wa gari unajua kidogo, kidogo zaidi, nusu, robo. Mwandishi mbaya anaunganisha moja kwa moja: ukibofya kushoto gari linaruka kushoto, kama linavyofanya lile la vitofali, na kwa lile la vitofali ni sawa maana lina njia mbili tu. Mwandishi mzuri anahesabu muda. Kidole kikikaa kwa kitambo kifupi, tairi zinainama kidogo. Kikizidi kukaa, zinainama zaidi. Kikiachia, hazirudi kwa kishindo, zinarudi taratibu kama usukani unavyojirudisha wenyewe ukitoka kwenye kona. Huioni kazi hii popote kwenye kioo. Ukitaka kuijua, cheza kaseti mbili, moja nzuri na moja mbaya, ukiwa umefumba jicho moja na kujali kidole tu.

Sauti nitaipitia haraka. Game Boy ina njia 4 za sauti, mojawapo ni ya kelele tupu, na humo ndimo injini hukaa. Gemu ya vitofali ina kijipaza kimoja chembamba kama sarafu, na injini yake ni mlio wa mbu aliyeshikwa na homa. Mama zetu waliifunika kwa mto. Sina la kuitetea.

Mashine za baadaye zilirahisisha mengi. Game Boy Advance ya mwaka 2001 iliweza kuzungusha na kukuza picha ya nyuma, na kwa kubadilisha kipimo hicho mstari kwa mstari, mchezo ule wa karata ukawa uwanja mzima uliolala chini kama mkeka. NASCAR wakaingia humo pia mwaka 2002. Na sasa barabara zetu wenyewe zimeingia mfukoni: gemu ya WRC 9, iliyotengenezwa Paris na studio ya KT, ilileta Safari Rally ya Kenya, na mwaka 2021 ikafika kwenye Nintendo Switch, mwaka uleule ambao Safari yenyewe ilirudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19. Mashindano yale yalipoanza 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo nasi tuna haki kidogo na vumbi lile. Vumbi limechorwa vizuri, naungama. Nimelitazama sana. Lakini ni vumbi lililolipiwa na mashine yenye nguvu, na jicho langu linarudi kule ambako hakukuwa na kitu cha kulipia.

Mwaka juzi gemu yangu ya vitofali ilipata ugonjwa. Safu moja ya vitofali, wima, ilikufa yote, juu mpaka chini, na ilikuwa safu inayopita katikati ya njia ya kushoto. Gari lilipokuwa kulia lilikuwa zima. Likihamia kushoto, pua, kiwiliwili na mgongo vilitoweka, zikabaki tairi nne zinakimbia peke yake. Niliicheza hivyo wiki nzima kwa kicheko. Kisha nikaipeleka kwa fundi simu mmoja wa Makoroboi, mwenye meza isiyozidi upana wa trei mbili za mayai.

Hakuuliza ina nini. Aliiwasha, akaitazama, akaizima, akafungua skrubu na kuzipanga kwenye kifuniko cha soda kwa mpangilio wa zilivyotoka. Ndani kulikuwa na vitu vichache kuliko nilivyotarajia: ubao wa kijani, kijipaza, kioo, na tone jeusi la gundi gumu kama lami. Chini ya tone hilo, aliniambia, ndiyo chipu yenyewe, moja tu, na michezo yote 9999 imo humo. Kati ya ubao na kioo kulikuwa na ukanda wa mpira wenye mistari myembamba mno, myeusi kwa myeupe. Ile myeusi inapitisha umeme, myeupe inazuia. Haulehemewi popote. Unafanya kazi kwa kubanwa tu, na vumbi likiingia au skrubu ikilegea upande mmoja, mstari fulani unapoteza mawasiliano na safu yake inakufa. Alisema za Game Boy zina ugonjwa unaofanana, ila kule dawa ni kupitisha ncha ya pasi ya kulehemu taratibu juu ya utepe ulio chini ya kioo, kwa joto la kiasi, na mkono usiotetemeka.

Alifanya kazi kwa dakika zisizozidi kumi. Alipoiwasha, kabla ya kunirudishia, alicheza kidogo. Alihamisha gari kushoto, likawa zima. Akarudi kulia. Akaendelea kucheza. Wateja wawili walikuwa wamesimama na simu zao mkononi, na hakuna aliyelalamika. Wote walikuwa wameinama kutazama.

Kwa hiyo kama unayo moja kwenye droo, na safu zake zimepotea, usiitupe wala usimpe mtoto aifanye nyundo. Fungua skrubu, toa ule ukanda wa mpira, usafishe kwa pamba na spiriti, uache ukauke kabisa. Urudishe ulivyokuwa, kisha kaza skrubu kidogo kidogo, pembe hii halafu ile inayoikabili, kama unavyofunga nati za tairi. Tone jeusi usiliguse.